Karani Asiyetaka Kuandikwa

Katika madaftari ya wageni ya nusu ya majengo ya katikati ya Nairobi yumo mwanamke anayeitwa Rahabu. Ametembelea ofisi za mawakili, za madaktari wa meno, za bima, hata ya mtu anayeuza mashine za kutotolea vifaranga. Nambari yake ya kitambulisho ni nambari za nyimbo tatu za kanisani zilizounganishwa. Nambari yake ya simu ni ya ofisi iliyokatwa laini zamani. Sababu ya ziara, kila mara: "Kikazi."

Rahabu huyo hayupo. Aliyekuwepo ni jirani yangu wa mtaa wa Jamhuri, mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa kuliko kifua chake, ambaye korti yetu nzima, yaani nyumba zote za geti letu moja, ilimwita Karani kwa sababu alifanya kazi ya ukarani wa masijala katika wizara moja mpaka akastaafu. Soja, yaani bawabu, akimsukumia daftari mlangoni, na kalamu yake iliyofungwa kwa uzi, Karani aliandika Rahabu kwa mwandiko mzuri wa serikali. Soja akitaka kubaki na kitambulisho, alimwachia kadi ya maktaba ya marehemu mumewe. Katika miaka yote hiyo hakuna soja aliyeuliza kwa nini mama huyu ana masharubu kwenye picha.

Alilichagua jina la Rahabu kwa sababu, alisema, huyo ndiye mwanamke wa Biblia aliyeulizwa na watu wa mfalme wageni wake wako wapi, akawaonyesha njia nyingine, na bado akaokolewa. Nilimuuliza kama huo si uongo, maana alikuwa mzee wa kanisa. Akaniambia ni uongo, na kwamba anauungama. Kweli, katika ibada ya Jumapili, watu wakiombwa kukiri kimyakimya, yeye alisikika mpaka safu ya nyuma: wiki hii nimesema uongo mara nne, Bwana, zote getini.

Chanzo chake kilikuwa njugu. Zamani, akiwa bado kazini, alinunua njugu karanga kwa mchuuzi wa Mtaa wa Tom Mboya. Zilikuwa zimefungwa kwenye karatasi iliyosokotwa kama pia. Alipozimaliza akaifungua karatasi, akakuta jina lake, nambari yake ya kitambulisho, simu yake, na saa aliyoingia na kutoka katika jengo la daktari wa akina mama. Daftari la jengo lilikuwa limejaa, likauzwa kwa kilo. "Nilikuwa nimeenda huko bila kumwambia hata mzee wangu," alinisimulia. "Sasa fikiria kama ni yeye angependa njugu." Akacheka mpaka akashika meza.

Huyu ndiye mtu aliyenifundisha kuchagua VPN.

Msidhani alikuwa mtu wa siri. Alipiga simu zote kwa spika, akaishika simu mbele ya mdomo kama kipande cha muhogo, na kupitia simu hizo mtaa wote ulijua shinikizo la damu la dada yake aliyeko Kitui limefika wapi. Mambo ya watu aliyajua kuliko pasta. Alisoma karatasi iliyopinduliwa juu chini kwa kasi ile ile ya iliyonyooka, kipaji cha masijala. Ila jina lake halisi hatukulijua. Hata malipo ya simu, ambayo humwonyesha mlipaji jina la mpokeaji, aliyapokea kwa laini ya Ustadh.

Ustadh alikuwa jirani yake wa dukani. Baada ya kustaafu Karani alifungua saiba mjini, ghorofa ya pili ya jengo kuukuu: kompyuta sita na printa moja inayokohoa. Mkabala naye Ustadh, mtu wa Pwani, aliuza kanzu, kofia na vitabu vya dini, na alasiri alifundisha watoto Kurani chumba cha nyuma. Walitaniana kutwa nzima kupitia milango miwili iliyo wazi. Kiswahili cha Ustadh kilikuwa kimepigwa pasi. Cha Karani kilivaliwa vile kilivyoanuliwa.

Kila mteja akimaliza, Karani alifuta alichokiacha kwenye mashine, mbele ya macho yake. Siku moja Ustadh akamwambia kwa sauti ya upole kabisa:

"Bibi wee, futa utakavyofuta. Mabegani mwako wapo malaika wawili, na daftari lao hulikwepi."

"Hilo silikwepi," Karani akajibu bila kuinua macho. "Mwenye hilo haliuzi."

Ustadh alirudi dukani kwake, akaanza kukunja kanzu zilizokwisha kukunjwa.

Mimi nilikuwa nimeajiriwa kuandika matangazo katika chuo kimoja cha binafsi kule Muthangari. Karani aliniita Wakili kwa sababu ya maswali yangu. Ninauliza kila kitu. Chuo kikuu nilimuuliza mhadhiri chanzo cha takwimu zake mpaka akaahirisha kipindi. Basi nikauliza kazini pia, nikagundua kwamba kozi tuliyoitangaza kwa mabango ya rangi haikuwa na kibali, na kwamba wasichana walioacha vibarua kuja kuisomea wangeondoka na karatasi isiyo na kazi. Niliulizia jambo hilo mkutanoni. Nikaambiwa kazi yangu ni rangi.

Nikafungua ukurasa mtandaoni, nikajiita Chaki, na kila Jumatano nikaandika nilichokijua. Niliandikia ofisini, kwa Wi-Fi ya chuo chenyewe, kwa sababu nina ubahili wa kununua bando la intaneti. Mkurugenzi alianza kumtafuta Chaki. Akimpata, ningefukuzwa kabla ya chai ya saa nne, na ukurasa ungekufa kabla wanafunzi hawajaamka.

Kwa hiyo nilijificha nyuma ya VPN. Kwa asiyeijua, VPN ni huduma inayotia safari zako za mtandaoni ndani ya mfuko uliofungwa, ili mwenye Wi-Fi aone mfuko ukipita tu, asione kilichomo. Sasa mimi, ninayeuliza kila kitu, yangu niliichagua kwa sababu mbili: ilikuwa ya bure, na ilikuwa na picha ya simba aliyevaa miwani ya jua.

Karani alimwona simba huyo kwenye laptopu yangu Jumamosi moja pale saiba, juu chini, kutoka upande wa pili wa meza. Nilimweleza yote, pamoja na habari za Chaki. Hakushtuka. Aliuliza swali moja.

"Huyu simba analipwa na nani?"

"Ni ya bure, Auntie."

"Sijauliza wewe unalipa ngapi. Nimeuliza yeye analipwa na nani."

Kutoka mlango wa pili Ustadh alisema, kama anayeongea na kanzu zake, kwamba simba asiyelishwa na mwenye boma humla mwenye boma.

Karani akachapisha masharti ya simba, kurasa kumi na tisa, printa ikikohoa kama mzee wa kijiji. Aliyasoma kwa rula na kalamu nyekundu, mstari kwa mstari, na mimi nikaona aibu, kwa kuwa nilikuwa nimeyakubali kwa kidole gumba nikiwa nangoja chipsi pale Adams Arcade. Ukurasa wa kumi na nne rula ikasimama. Kampuni, ilisema, yaweza kuwapa washirika wake habari za matumizi ya mteja.

"Washirika," alisema. Akavua miwani. "Mwanangu, mfuko umekuficha kwa mwenye Wi-Fi, sawa. Lakini huyu aliyeubeba ameufungua na kuandika ndani kuna nini. Wewe ndio ile karatasi ya njugu."

Ili kuelewa alichofanya baadaye, lazima niwape habari za soja wa korti yetu.

Tulikuwa na soja mwaminifu sana, asiyelewa, asiyesinzia, na daftari lake lilikuwa safi kama la benki. Siku moja akaja mtu, akamnunulia soda, wakapiga gumzo, na mtu huyo akafunua kurasa za juma zima bila kukatazwa. Alikuwa anamtafuta mkewe aliyemkimbia kwa sababu ya kipigo, ambaye alikuwa amejihifadhi kwa dada yake, nyumba ya sita. Mama huyo alihama kabla ya machweo, shukrani kwa Karani aliyemwona mgeni akisoma. Soja alilia. Hakuwa mbaya. Aliandika tu vizuri mno.

Kamati ya korti ilipotafuta soja mwingine, Karani aliomba yeye ndiye awahoji. Aliwauliza wote swali moja: ukilala, geti linabaki vipi? Wanne walijibu kwamba wao hawalali, mama. Akawashukuru na kuwaaga. Wa tano alikuna kichwa, akasema, "Nikilala, mama, nitakuwa nimefunga kwanza." Huyo akapewa geti kwa majaribio, akafika hatua ya pili, ambayo ilikuwa Ustadh. Karani alimleta kutoka mjini, akamvalisha koti la marehemu, akamtuma getini kujifanya mume mwenye hasira anayetaka kusoma daftari. Ustadh aliigiza kwa moyo wote. Alimwita mke wa kubuni kwa majina matatu na kumpa soja soda mbili. Soja alikunywa zote mbili. Kisha akasema angependa kumsaidia mzee, ila yeye haandiki wageni. Huuliza mwenye nyumba kwa simu, akiambiwa fungua, hufungua, basi. Hakuna kitu cha kusoma.

Aliajiriwa papo hapo. Ustadh alilalamika miezi kadhaa kwamba mtu huyo alikunywa soda zake.

Basi VPN nazo zikahojiwa hivyo hivyo. Tuliondoa zote za bure, tukabaki na tatu zinazoishi kwa ada ya wateja wao. Karani akaandika barua pepe kwa huduma ya wateja ya kila moja. Alijitambulisha kama mama mkwe mwenye uchungu, Rahabu, akasema mkwe wake wa kike ni mteja wao, na kwamba familia inaomba kwa heshima orodha ya mahali anapotembelea mtandaoni, hasa Jumatano. Mimi nilitafsiri kwa Kiingereza. Alinikatalia kupunguza machozi.

Ya kwanza ilijibu baada ya saa moja, kwa adabu nyingi: tafadhali tutumie anwani ya akaunti yake, tuangalie. Karani alipiga makofi mara moja, akaikata kwenye orodha kwa rula. Ya pili ilijibu kwamba habari hizo ni siri, haziwezi kutolewa isipokuwa kwa utaratibu. "Kwa hivyo ziko," alisema Karani, na kuikata nayo. Ya tatu ilichukua siku mbili. Ilimpa pole mama mkwe, ikasema hata wangetaka kumsaidia hawawezi, kwa sababu hawaweki kumbukumbu za mahali wateja wanapokwenda. Karani alicheka mpaka miwani ikaanguka. "Soda mbili," aliita kupitia mlangoni, na Ustadh akaelewa, akanuna upya.

Hapo nilijitutumua. Nikasema kila mtu anaweza kuandika kwamba hana daftari, tutajuaje? Karani akasema hatimaye Wakili ameamka. Kampuni hiyo ilikuwa imeita wakaguzi wa nje kuchunguza mitambo yake, na ripoti ilikuwa wazi kwa umma. Nikauliza nani aliwalipa wakaguzi. Kampuni, bila shaka. Nikakunja mikono kama mtu aliyeshinda kesi.

"Hata mimi mkaguzi wangu alilipwa na serikali, na mimi nilikuwa serikali," alisema. "Lakini wa bandia alikunywa chai akaondoka. Wa kweli alifungua droo ya chini. Soma uone kama wamefungua droo ya chini."

Tulisoma. Wakaguzi walikuwa wameingia kwenye mitambo yenyewe, na walikuwa wameorodhesha makosa madogo waliyoyakuta, na kampuni imeeleza ilivyoyarekebisha. Makosa hayo ndiyo yaliyomfurahisha. Ripoti isiyo na kosa hata moja, alisema, imeandikwa na shemeji.

Likabaki swali la usingizi. Aliniambia niiwashe VPN, nifungue ukurasa wa Chaki, kisha nimuue mbeba mfuko, yaani niikatize programu ya VPN ghafla, katikati ya kazi. Nikafanya. Ukurasa uligoma, intaneti yote ikakatika, mpaka VPN iliporudi. Mbeba mfuko alikuwa amefunga geti kwanza, kisha akalala.

Hata hivyo nilitaka uhakika. Nilimuuliza, sasa tunajua kwamba hawa ni waaminifu? Karani alinitazama kwa mshangao. Hatujui, alisema. Tumechagua wa kumwamini, na hatujaacha kumwangalia. Kila baada ya miezi michache mama mkwe angeandika tena, kuona kama jibu limebadilika. Akaongeza kwamba mfuko hauzibi mdomo: nikiingia mahali kwa jina langu halisi, nitakuwa nimejifunika shuka gubigubi na kuacha kichwa nje.

Nikadhani tumemaliza. Yeye alikuwa anafikiria kabati la masijala.

Aliniambia kwamba ukiweka faili moja lenye muhuri wa siri kati ya mafaili mia ya kawaida, umemwonyesha mwizi aanzie wapi. Dawa ni kuyapiga muhuri yote. Mwenye Wi-Fi haoni ndani ya mfuko, lakini mfuko wenyewe anauona. Nani mwingine ofisini ana mfuko? Hakuna, nikajibu. Basi wape, akasema. Waambie wazi inafanya nini, anayependa atachukua.

Wiki iliyofuata nilikuwa mhubiri. Niliwaeleza wenzangu jinsi VPN inavyomlinda mtu kwenye Wi-Fi ya hoteli, na jinsi inavyokuonyesha kama uko nchi nyingine. Nusu ya pili ya mahubiri ndiyo iliyookoa watu. Mpishi alitaka mechi zinazoonyeshwa ng'ambo tu. Mhasibu alitaka mashindano ya mapishi. Mwishoni mkurugenzi mwenyewe aliniita ofisini, akafunga mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kitu hicho kinaweza kumpatia tamthilia ya Kituruki ambayo ilikuwa imekatizwa pabaya. Nikamwekea.

Siku ya kumsaka Chaki ilifika. Chaki alikuwa ameandika kuhusu kibali, wanafunzi wakaanza kuuliza, na mkurugenzi akaleta mtaalamu wa kompyuta. Tuliitwa sote ukumbini asubuhi, vikombe mkononi. Mtaalamu akaeleza kwamba hawezi kuona Chaki anaandika nini wala wapi. Mtu huyo anatumia VPN. Lakini simu na laptopu zinazotumia VPN humu ndani zinaonekana, na yeye ana orodha. Mkurugenzi akasema mwenye VPN ana la kuficha, na kwamba leo ataeleza mbele ya wenzake.

Orodha ikatokea ukutani. Yangu ilikuwa ya tatu. Chini yangu mhasibu, chini yake mapokezi, kisha walimu wawili, mtu wa maktaba, mpishi. Vifaa kumi na moja. Cha mwisho, kwa herufi kubwa alizozichagua mwenyewe siku aliyonunua simu: SIMU YA MKURUGENZI.

Mpishi alikunywa chai yake hadi mwisho, akaweka kikombe, akauliza kwa heshima, "Sasa bwana mkurugenzi, tuanze na nani?"

Projekta ilizimwa. Tuliambiwa turudi kazini.

Nilipomsimulia Karani jioni hiyo uani Jamhuri, alikaa kwenye ndoo ya kufulia akicheka. Akampigia Ustadh, kwa spika kama kawaida, akamsimulia yote huku korti nzima ikisikiliza: jina la chuo, rangi ya geti, tamthilia. Nilimkumbusha kwamba hiyo ni siri. Akafunika mdomo kwa kiganja, macho yakiwa bado yanacheka. Akasema hilo nalo ataliungama Jumapili.

Chaki aliendelea kuandika. Mimi niliacha kazi kwa hiari yangu baadaye, na Karani akafunga saiba magoti yalipokataa ngazi. Wanafunzi walipeleka malalamiko rasmi kwa mamlaka inayosimamia vyuo, wakahitaji mtu wa ndani wa kueleza alichokiona, kwa jina lake. Ukurasa hauwezi kuapa. Nilikaa na jambo hilo majuma mawili. Kisha nikakubali. Nilimtajia Karani siku na mahali pa kutoa ushahidi, bila kumwomba chochote.

Asubuhi hiyo nilimkuta mlangoni mwa jengo, katikati ya mji, na bakora, na mkoba ule ule. Ustadh alikuwa amemsindikiza na kusimama kando, katika kanzu ya Ijumaa ingawa ilikuwa Jumanne. Soja akanisukumia daftari. Niliandika jina langu lote, na nambari yangu, na simu yangu, na mwandiko ukaenda kombo.

Kisha Karani akachukua kalamu. Nilingojea aandike Rahabu. Akafungua mkoba, akaipita kadi ya maktaba, akatoa kitambulisho chake. Akaandika polepole, kwa ule mwandiko wa serikali, majina matatu, nambari, simu. Alipofika kwenye sababu ya ziara akaniangalia, kalamu ikiwa hewani.

"Nataka kuandika nimemleta Chaki," alisema. "Niandike?"

Niliitikia kwa kichwa. Akaandika.

Soja akalinganisha daftari na kitambulisho, akakirudisha kwa mikono miwili. Akamkaribisha kwa jina lake. Ustadh akageuza uso upesi, akaanza kuangalia magari. Nami nikalisikia jina hilo kwa mara ya kwanza baada ya miaka yote hiyo, na lilimfaa sana, kuliko Karani, kuliko Rahabu.

Msiniulize ni jina gani. Hata mkininunulia soda mbili, nitazinywa, na mimi sina daftari.